Mafuta Juu ya Chumvi: Tafakari Juu ya Usafi wa Bunduki



Najua baadhi yenu mtashangaa kwamba juma hili padre ameketi kuandika juu ya bunduki. Mshangao huo una haki yake. Sheria ya Kanisa iliyotangazwa mwaka 1917 iliwaagiza makleri wasichukue silaha isipokuwa pale palipo na sababu ya haki ya kuhofu, wasijizoeze uwindaji, na ule uwindaji wa makelele, wa makundi ya watu na mbwa, wasiufanye kamwe. Sheria ya mwaka 1983 iliyoshika nafasi yake haikuyarudia maneno hayo; ilituagiza kwa jumla tujiepushe na yote yasiyopatana na hali yetu. Hata hivyo Kanisa hilo hilo halikuwasahau wawindaji. Msimamizi wao ni Mtakatifu Hubert, askofu wa Liège, aliyefariki mwaka 727, na sikukuu yake ni tarehe 3 Novemba. Mimi si mwindaji wala sitarajii kuwa. Lakini katika siku hizi za karibuni nimekuwa mwanafunzi wa mwindaji mmoja mzee, na niliyofundishwa naona si vema yakabaki kwangu peke yangu.

Anayeishi Pemba hahitaji kuelezwa kutu ni nini. Kisiwa chetu kimezungukwa na bahari pande zote, na hata palipo mbali na pwani upepo hutuletea chumvi mpaka mlangoni. Masika ikiisha tunangoja vuli, na kati ya hizo mbili umande wa alfajiri hautupi mapumziko. Bawaba za madirisha hulia, misumari ya mabati huoza kabla ya mabati yenyewe, na panga lililoachwa nje usiku mmoja huamka na madoa mekundu. Wavuvi wetu walijifunza zamani namna ya kuishi na adui huyu. Mtazameni nahodha anaporudi Wete au Mkoani na boti ya mashine. Kabla hajala, huipitishia mashine yake maji matamu ya kisimani ili kuitoa chumvi iliyoingia ndani. Hamwoni akianza kwa kuipaka mafuta. Huanza kwa kuiosha. Jambo hilo dogo likumbukeni, kwa maana tutalirudia.

Familia moja ya parokia yetu ilifiwa na baba miaka mitatu iliyopita. Marehemu alikuwa na bunduki ya marisaa, yaani ile ipigayo chembe nyingi ndogo ndogo kwa mara moja, aliyoimiliki kwa kibali ili kulinda mihogo na ndizi zake dhidi ya tumbili na nguruwe wa porini. Baada ya mazishi silaha ile ilifungwa ndani ya kanga mbili, ikatiwa katika gunia la karafuu, ikawekwa darini. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Mama aliogopa kuigusa, vijana walikuwa mbali wakitafuta maisha, na kila mmoja alidhani mwenzake ameshughulikia. Mwaka huu vijana waliporudi nyumbani ukaanza ubishi: mmoja alitaka iuzwe, mwingine alitaka itupwe baharini, wa tatu alisema ni kumbukumbu ya baba na haifai kuondoka nyumbani. Mama akaja kwangu kuomba shauri.

Nilimwambia jambo la kwanza ni kumjulisha sheha na polisi, kwa sababu kibali cha silaha hupewa mtu, hakipewi ukoo, na mwenye kibali akifariki silaha haiwi kama shamba au kitanda. Polisi walituambia iletwe kituoni, na kwamba kwanza mtu anayejua aitazame ikiwa salama. Ndipo nikamkumbuka mzee mmoja wa jumuiya yetu, askari wa wanyamapori mstaafu, ambaye alitumikia miaka mingi katika Pori la Akiba la Selous, lile ambalo sehemu yake kubwa iligeuzwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere mwaka 2019. Amekuja kukaa Pemba kwa binti yake. Alikubali bila kusita, akaja na kopo la kahawa ambalo ndani yake nilikuta vifaa vyote vya kazi yake ya zamani.

Bunduki iliteremshwa mbele ya sheha. Mzee hakuishika kama tulivyotazamia. Kwanza aliwatoa watoto na akina mama wote nje, upande wa nyuma wa nyumba. Kisha akauelekeza mdomo wa mtutu kwenye tuta la udongo, na ndipo akafungua kanga. Gunia lilikuwa limefyonza unyevu wa masika tatu, na kanga zilikuwa zimegandana na chuma. Bunduki ya namna ile hufunguliwa kwa kukunjwa katikati, lakini kutu ilikuwa imeishika bawaba isikubali. Mzee alidondoshea mafuta kwenye maungio, akaketi, akangoja karibu nusu saa bila kuondoa mkono wala kuugeuza mtutu. Ilipokunjika, ndani yake mlikuwa na risasi moja nzima, kitako chake cha shaba kimegeuka kijani.

Sheha alisema polepole, "La ilaha illallah." Mimi nilifanya ishara ya msalaba. Mjukuu wa miaka saba, alipoulizwa baadaye, alisema bila hofu kwamba yeye na wenzake walikwisha kupanda darini mara nyingi kucheza askari na mwizi. Mama mwenye nyumba alikaa kimya kwa muda, kisha akasema, "Baba Padre, kumbe tumelala na mauti juu ya vichwa vyetu miaka mitatu."

Risasi iliwekwa kando ili ikabidhiwe polisi. Hapo mimi nilidhani kazi imekwisha. Lakini mzee alikunja mikono ya shati, akaomba maji ya moto, akaanza kuisafisha silaha ambayo kesho yake asubuhi ingetoka katika nyumba ile isirudi tena. Kazi hiyo ilichukua alasiri nzima, na alasiri hiyo ndiyo ilikuwa shule yangu.

Somo la kwanza alilonipa ni kwamba utupu hutangulia usafi. Akasema, "Baba Padre, bunduki haisafishwi mpaka imethibitishwa kuwa tupu, na macho peke yake hayathibitishi." Risasi hutolewa, ghala yake huondolewa kama inaondoleka, bolti, yaani kile chuma kinachovutwa nyuma na kusukumwa mbele, hufunguliwa, na kidole cha mwisho hupitishwa ndani ya chumba cha risasi kuhakikisha hapana kitu, hata kama ni usiku na mtu amechoka. Risasi zote huwekwa mbali, mahali ambapo mkono hauwezi kuzifikia bila mtu kusimama. Watu wengi waliouawa na bunduki nyumbani, alisema, waliuawa na bunduki ambayo mwenyewe aliapa kwamba haina kitu.

Somo la pili ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Nilimwuliza kwa nini ameomba maji, nami nikijua kwamba maji ndiyo mzazi wa kutu. Akacheka, akanieleza habari ya gobori. Wazee wetu wa bara na visiwani walitumia bunduki hizo za kushindiliwa kwa mdeki, ambazo ziliingia kwa wingi kupitia Zanzibar katika karne ya 19, mpaka mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulipojaribu kuibana biashara ya silaha. Baruti nyeusi ikiungua huacha masizi yenye chumvi chumvi zinazovuta unyevu kutoka hewani. Mafuta hayaziyeyushi, yakipakwa juu yake huzifunika tu, nazo huendelea kukila chuma gizani. Kwa hiyo mwenye gobori mwenye akili alimimina maji ya moto ndani ya mtutu mpaka yatoke meupe, akaukausha, ndipo akapaka mafuta.

Hata bunduki zilizofuata hazikuondokana na shida hiyo mara moja. Kwa miaka mingi ya karne ya 20 fataki za risasi nyingi, hasa za kijeshi, zilikuwa na kloreti ya potasiamu, ambayo ikilipuka huacha kloridi ya potasiamu, ndugu wa karibu wa chumvi tunayotia katika mchuzi. Askari wa Keya waliobeba bunduki za Kiingereza za Lee-Enfield walifundishwa kumimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa mrija maalumu baada ya kulenga shabaha. Kitakoni mwa bunduki ile mlikuwa na tundu lenye kifuniko cha shaba, na ndani yake walihifadhi kichupa cha mafuta na kamba ya kuvutia kitambaa. Risasi za uwindaji za siku hizi kwa kawaida hazina tena ubaya huo. Lakini chumvi haitoki kwenye fataki tu. Iko katika jasho la viganja, iko katika hewa yetu ya Pemba, iko katika rasharasha la mawimbi linalomrukia abiria ndani ya boti. Silaha iliyosafiri baharini, alisema mzee, hufutwa kwanza kwa kitambaa kilicholoweshwa maji matamu na kukamuliwa, hukaushwa kabisa, ndipo hupata mafuta. Nahodha wa Wete angemwelewa mara moja.

Baada ya hapo alinisimulia maisha ya doria. Walikuwa wakitoka kambi kuu wakaenda kwa miguu majuma mawili au matatu, kila mtu na mzigo wake, pengine mvua ikiwanyeshea mchana kutwa. Katika safari kama hiyo hakuna meza wala taa nzuri. Kopo lake la kahawa lilikuwa na kamba ndefu yenye kizito upande mmoja na tundu la kitambaa upande wa pili, brashi ndogo ya shaba, vitambaa vya pamba vilivyokatwa kutoka shati kuukuu, mswaki wa zamani, na kichupa cha mafuta kisichozidi kidole gumba. Hivyo vilitosha. Kisichotosha kamwe, alisema, ni nguvu ya jioni. Mtu amefika kambini, miguu imevimba, ugali unanukia, na bunduki inamtazama. Anasema: kesho. Lakini kutu haingoji kesho. Hufanya kazi yake hasa usiku, chuma kinapopoa na umande kukikalia. "Anayesafisha asubuhi," alisema, "anasafisha kazi ya adui. Anayesafisha jioni anamfungia adui mlango."

Utaratibu wenyewe ni huu. Kamba hupitishwa kutoka nyuma, upande wa chumba cha risasi, na kuvutwa kuelekea mdomoni, ili uchafu usisukumwe ndani ya mtambo na ili mdomo wa mtutu usikwaruzwe. Mdomo huo ni mahali pa mwisho risasi inapogusana na bunduki, na ukiumia kidogo tu, risasi huaga vibaya na kukosa njia. Brashi hupita kwanza, ikifuata ile mifereji iliyojizungusha ndani ya mtutu wa raifoli. Vitambaa vikavu hufuata, kimoja baada ya kingine, mpaka kimoja kitoke kikiwa safi. Ndipo kitambaa chenye mafuta kidogo hupita mara moja. Chumba cha risasi hukaushwa kwa kitambaa kilichozungushwa kwenye kijiti, na uso wa bolti husuguliwa kwa ule mswaki. Mwishoni chuma cha nje hufutwa kuondoa alama za vidole, kwa kuwa kila alama ya kidole ni jasho, na kila jasho ni chumvi.

Bunduki iliyolowa haikaushwi karibu na moto, kwa sababu mti wa kitako hupasuka au kujipinda, na mti uliojipinda huusukuma mtutu kutoka mstari wake. Hukaushwa kwa kitambaa na kwa hewa. Wala hailazwi usiku ndani ya ala ya ngozi au mfuko uliofungwa, kwani ngozi na nguo hushika maji na kuyarudisha kwenye chuma. Kanga na gunia la marehemu wetu vilikuwa ushahidi tosha. Hapo nilikumbuka karafuu. Mkulima wa Pemba hawezi kuzitia guniani karafuu zisizokauka, hata ziwe nzuri namna gani, maana atafungua gunia akute zimevunda. Tunalijua jambo hili kwa karafuu, lakini tumelisahau kwa chuma.

Juu ya mafuta alikuwa mkali zaidi ya nilivyotarajia. Mafuta ya kupikia hufaa kwa samaki. Juu ya chuma mengi yake huchacha na kuganda kama gundi, mtambo ukawa mzito. Oili chafu iliyotolewa katika gari ina asidi na chembe za chuma ndani yake. Mafuta mepesi ya bunduki ndiyo mazuri, na mtu akikosa kabisa, mafuta ya cherehani humfaa kwa muda. Tena yawe machache. Wakati wa kiangazi, vumbi la porini likikutana na mafuta mengi hugeuka kuwa tope linalosaga chuma kama msasa. Na kabla ya kupiga, mtutu hufutwa mpaka ukauke, kwa sababu mafuta yaliyojikusanya ndani hubadili njia ya risasi, na yakizidi huwa hatari.

Hatari kubwa zaidi ni kizuizi ndani ya mtutu. Mwindaji akiteleza na mdomo wa bunduki ukachota matope, au nyigu mwenye kujenga kwa udongo akaweka kiota chake ndani ya mtutu uliosahauliwa, risasi itakayopigwa inaweza kuupasua mtutu mbele ya uso wa mpigaji. Kwa hiyo katika mvua walifunika mdomo kwa utepe mwembamba uliobandikwa juu juu, na kamwe hawakuuziba kwa kitambaa au kizibo kilichoingizwa ndani. Kila asubuhi, kabla ya kuondoka, bolti ilitolewa, na kila askari akatazama kupitia mtutu kutoka nyuma, kuelekea kwenye mwanga. Kama duara la nuru ni kamili, safari huanza. Kama lina doa, hakuna anayeondoka.

Hapo nilimwuliza kama aliwahi kuona mtu akidhurika. Alikaa kimya, akaendelea kufuta. Kisha akaniambia juu ya mwenzake ambaye bunduki yake iling'aa kuliko za wote. Kila jioni aliipaka mafuta, na wengine walimsifu. Lakini aliipaka jinsi ilivyo, na maji yake, na jasho lake, bila kuikausha. Asubuhi moja walikutana na nyati aliyejeruhiwa na waya wa majangili, naye aliwajia. Mwenzake alipiga mara moja. Alipovuta bolti, ganda la risasi lilikataa kutoka. Chumba cha risasi kilikuwa kimeliwa na kutu chini ya yale mafuta yaliyong'aa, na ganda likanasa ndani yake. Risasi ya pili haikuwa na mahali pa kuingia. Mzee ndiye aliyemwangusha nyati, lakini alikuwa amechelewa kwa hatua chache, na mwenzake hakutembea tena bila gongo. "Hakuwa mvivu, Baba Padre," alisema. "Alifanya kazi kila siku. Alianzia mwisho."

Wapendwa, maneno hayo hayajanitoka. Alianzia mwisho! Ni mara ngapi sisi nasi huyamwaga mafuta juu ya chumvi? Ndugu wawili wamegombana juu ya shamba. Wazee wanawakutanisha, wanapeana mikono, wanakula pilau, na neno lenyewe lililowatenga halikutajwa. Kwa nje undugu unang'aa kuliko wa majirani wote. Siku ya dhiki, mmoja anapomhitaji mwenziwe kweli kweli, mlango hautafunguka. Kutaja kosa kunauma kama maji yanayochemka, lakini ndiko kunakoyeyusha kile ambacho maneno laini hayawezi kukigusa. Mafuta ni mema, nayo yana saa yake. Saa hiyo huja baada ya maji na baada ya kukauka.

Mwishoni nilimwuliza swali lililokuwa likinisumbua tangu mwanzo. Kwa nini kujitesa alasiri nzima kwa ajili ya silaha inayoondoka? Polisi hawakudai ing'ae. Akanijibu akiwa anafunga kopo lake: "Atakayeipokea ni mtu. Ataishika kwa mikono yake, na labda baada yake ataishika mwingine. Mimi siwajui, ila najua wana watoto."

Jibu hilo lilinirudisha kwenye Maandiko Matakatifu, ambamo silaha na utunzaji wake si mambo mageni. Daudi alipomwombolezea Sauli, katika Kitabu cha Pili cha Samweli, sura ya 1, aliitaja ngao ya mfalme iliyolala milimani bila kupakwa mafuta tena. Ngao isiyo na wa kuitunza ilikuwa dalili kwamba mwenyewe hayupo. Na katika Kitabu cha Kwanza cha Samweli, sura ya 21, tunasoma jinsi upanga wa Goliathi ulivyokuwa umehifadhiwa huko Nobu, umezungushiwa nguo, nyuma ya efodi. Aliyeutunza alikuwa kuhani, Ahimeleki. Daudi alipofika akikimbia, hakusema ukweli wa safari yake, naye Ahimeleki akampa upanga ule bila kujua. Sura ya 22 inatueleza matokeo: Sauli alikasirika, na makuhani 85 waliuawa kwa mkono wa Doegi. Sidhani kwamba Ahimeleki alitenda dhambi. Lakini kisa chake kinanifundisha kwamba silaha iliyofungwa nguo ndani ya nyumba haijalala. Inangoja mkono, na haiulizi ni mkono wa nani.

Kisiwa chetu chenyewe kina ushahidi kwamba silaha safi haitoshi kama moyo haujui kusimama. Mnamfahamu popo mkubwa wa Pemba, ambaye duniani kote hapatikani kwingine ila hapa kwetu. Aliwindwa kwa nyama, na bunduki za marisaa zilipotumika dhidi ya makundi yaliyolala mitini, mlio mmoja uliweza kuangusha wengi. Katika miaka ya 1990 wataalamu walimhesabu miongoni mwa wanyama waliokuwa katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Wanavijiji wenyewe, kama wale wa Kidike, walijiunga kulinda miti yao, na leo makundi hayo yameongezeka tena kwa maelfu. Hakuna aliyeharibu bunduki ili popo wapone. Watu walikubali tu kwamba kuna mahali ambapo mtutu hauelekezwi.

Basi, wapendwa, nawaomba jambo moja la vitendo. Kama katika nyumba yenu kuna silaha ya marehemu, iwe gobori la babu au bunduki ya marisaa ya baba, msiiguse, msiijaribu, msiwaache watoto waijue ilipo. Mwiteni sheha, wajulisheni polisi, na mtafuteni mtu mwenye ujuzi aitazame. Na ninyi wenye vibali, mnaolinda mashamba au mnaosafiri bara kuwinda kwa mujibu wa sheria, ifanyeni kazi ya jioni iwe jioni ile ile: toeni risasi, osheni chumvi, kausheni, pakeni mafuta machache, fungieni kwa kufuli, na risasi ziwe mahali pengine.

Bunduki ya familia ile iko kituoni. Yule kijana aliyetaka kuitupa baharini ndiye aliyeibeba, akiwa na sheha na mzee wetu pembeni, nayo ilikuwa imekunjwa wazi, kila aliyepita njiani akiona mwanga ukipenya ndani ya mtutu wake. Mama alibaki na zile kanga mbili. Alizifua kwa maji mengi, akazianika juani, na madoa ya kutu hayakutoka yote.

Nawatakieni Dominika njema na juma lenye amani katika nyumba zenu.

Padre wenu, Pemba.